Vidoa Vyeupe kwenye Tangi la Bunju

Maji ya bahari yalipanda Lushoto kwenye madumu ya mafuta ya kula, juu ya lori lililotoka kushusha kabichi na karoti Tanga. Dereva alikuwa rafiki wa mume wangu. Alisimamisha lori mbele ya nyumba ya mama mkwe, wakaanza kushusha dumu moja moja, na majirani waliopita barabarani wakauliza kama tunafungua duka la mafuta ya taa. Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Biashara ilikuwa imeachwa huru, waliokuwa makarani juzi leo walikuwa na vibanda vya mitumba, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, mpaka mume wangu alipofungua dumu moja akampa jirani aonje. Jirani alitema mate.

"Chumvi," alisema. "Ya nini huku?"

Ilikuwa ya samaki. Kwa miaka miwili mume wangu alifanya kazi Tanga katika kampuni ndogo ya mtu binafsi, iliyokamata samaki wa mapambo kwenye matumbawe na kuwasafirisha wakiwa hai ng'ambo. Kampuni ile ilifungwa ghafla kama ilivyofunguliwa. Wenzake waliomba meza na viti, yeye akaomba tangi moja la kioo, pampu ya hewa, hita, mawe ya matumbawe yenye uhai ndani yake, na samaki watano ambao hakuna aliyekuwa na mpango nao. Huko Tanga ndiko alikonioa. Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka ufukweni na sikuwahi kuipenda bahari. Yeye alizaliwa kwenye ukungu wa Usambara, akaiona bahari akiwa mtu mzima, na hakupona tena.

Tangi tuliliweka chumba cha nyuma, kwa kuwa kilikuwa kitupu na kilikuwa na umeme. Mama mkwe hakukataa. Alisema tu, "Wekeni," akarudi jikoni. Tangu siku ile sikumwona akivuka kizingiti cha chumba kile. Akinihitaji alisimama ukumbini na kuniita kutoka hapo, uso wake ukiwa umeelekea ukutani. Nilidhani anaogopa bahari.

Sikumlaumu, maana hata mimi nilimwogopa mmoja wa wale samaki. Wanne walikuwa wazuri wa kutazama: wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wawili wa bluu wenye mkia wa manjano. Wa tano alikuwa bunju, samaki wa sumu. Alikuwa mkubwa kama ngumi, na kichwa kipana, na meno kama ya mtu, na macho ambayo kila moja lilizunguka peke yake. Kwetu Tanga mvuvi akimpata bunju humtupa. Nilipokuwa na miaka minane niliwaona jirani yetu na binti yake wakibebwa kwenye mkokoteni baada ya kula mchuzi wa bunju. Macho yao yalikuwa wazi na walikuwa wanatuona, lakini hawakuweza kusema wala kuinua kidole. Sasa bunju alikuwa chumba cha pili kutoka kitandani kwangu, na kila nilipoingia jicho lake moja lilinifuata huku la pili likibaki mlangoni, kana kwamba anamngoja mwingine nyuma yangu.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza na ukungu unaingia madirishani, mume wangu aliniambia anakwenda Dar es Salaam na mwenzake kutafuta soko la mboga. Wiki moja kabla ya safari dereva alimletea samaki mwingine wa bluu kutoka Tanga, ndani ya mfuko wa plastiki. Mume wangu alifurahi mno. Alimtia tangini papo hapo.

Siku ya kuondoka alinipa daftari la shule alilokuwa ameandika mambo ya kazini: kiasi cha chumvi, kiasi cha joto, chakula, na kurasa kadhaa za mwisho zenye kichwa *Magonjwa*.

"Hutazihitaji hizo," alisema. "Mwezi mmoja tu. Ukizidi sana, miwili."

Siku ya tatu baada ya yeye kuondoka, nilimkuta yule mgeni wa bluu anajikwaruza kwenye jiwe. Anakwenda kwa kasi, anajigeuza ubavu, anajisugua, anarudi. Nilidhani anacheza. Siku ya tano nikaona vidoa kwenye mapezi yake, vitatu au vinne, vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi. Nilijaribu kuvifuta kwa kitambaa, nikidhani ni uchafu wa kioo. Havikuwa kwenye kioo.

Kesho yake vilikuwa kwa wale wa bluu wote watatu. Walikusanyika pale mapovu yanapotokea, wakipumua haraka, midomo wazi. Nilisoma daftari, lakini nilisoma kwa pupa, nikishika neno hili na kuacha lile. Nikaongeza joto kidogo, nikabadilisha maji kidogo. Kisha asubuhi moja nilipoingia, vidoa havikuwepo. Hata kimoja. Samaki walikuwa safi, wanaogelea, wanakula. Nilitoka mbio hadi jikoni.

"Mama, wamepona!"

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Wametulia," alisema.

Neno lile lilinikaa vibaya. Nilirudi nikafungua daftari tena, safari hii nikasoma kila mstari kwa kidole. Mume wangu alikuwa ameandika hivi: *Vidoa vikipotea, usifurahi. Wadudu wameshiba wameshuka chini. Wanajifungia kwenye mchanga na mawe, kila mmoja anagawanyika kuwa mamia. Wakitoka wanatafuta samaki.*

Nilitazama mchanga. Ulikuwa mweupe, umetulia, mzuri kama wa ufukweni siku ya sikukuu. Bunju alikuwa amelala juu yake, akinitazama.

Wadudu walirudi baada ya siku nne, na umeme ukiwa wa mgao. Samaki walikuwa kama waliopakwa unga. Yule mgeni alikufa kwanza. Wa pili alikufa wakati namtazama: alisimama wima katikati ya maji, kichwa juu, kama mtu anayesikiliza kitu, halafu akashuka polepole hivyo hivyo, bila kulala, mpaka mkia ukagusa mchanga. Pampu ilikuwa kimya. Nilichota maji kwa jagi na kuyamimina tena tangini kutoka juu ili yapate hewa. Nilifanya hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri, mkono ukafa ganzi, na bado wa tatu akafa. Mmoja wa wale wa chungwa alifuata saa kumi jioni. Chumba kilinuka ufukwe, harufu ya utoto wangu, na nje ya dirisha kulikuwa na migomba na ukungu.

Nilikaa sakafuni nikalia. Sikuwa nawalilia samaki peke yao. Nilikuwa mgeni katika mji ule, lugha ya nyumbani naisikia nusu nusu, mume hayupo, na alichoniachia kinakufa mikononi mwangu.

Nilisikia hatua zikivuka kizingiti. Mama mkwe aliingia akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kama mtu anayeingia majini. Alisogea mpaka kwenye kioo. Alimtazama yule wa chungwa aliyebaki, mwenye vidoa ubavu mzima, na bunju mwenye vidoa usoni na kwenye macho.

"Hii naijua," alisema.

"Unaijua vipi, Mama? Ni ugonjwa wa samaki wa baharini."

"Wanatoka vipele, wanahema. Siku moja wanatulia, wanaomba uji, unasema alhamdulillah. Kesho yake unawazika." Aligusa ukuta wa chumba. "Humu ndani, mwanangu. Surua. Watatu walilala humu, mkeka mmoja. Siku tisa, wote watatu."

Sikujua. Mume wangu hakuwahi kuniambia kwamba aliwahi kuwa na ndugu.

"Na yeye?" niliuliza.

"Yeye alikuwa ananyonya bado. Dada yangu alimfunga mgongoni akaondoka naye kwa miguu hadi Mtae, mimi nikiwa sijamgusa siku mbili. Nilimwambia asirudi mpaka nyumba ikae bila mtoto miezi miwili. Watu walisema nina moyo wa jiwe." Alinigeukia. "Hilo daftari lako linasemaje?"

Nilimsomea. Lilisema jambo lile lile aliloniambia. Samaki wote watolewe. Tangi likae bila samaki wiki saba, maji yakiendelea kuzunguka, ili wadudu watoke, watafute, wakose, wafe. Samaki watibiwe pembeni, kwenye chombo kisicho na mawe. Wa kawaida atiwe dawa ya shaba kwa kipimo kidogo sana. Na chini, kwa wino mwekundu: *Bunju hahimili shaba. Huyo ahamishwe. Kila siku tatu, chombo kikavu, maji mapya ya bahari, mara nne. Mdudu akishuka, samaki awe ameshaondoka.*

"Basi tuwatoe," alisema mama mkwe, akakunja mikono ya gauni lake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda duka la pembejeo. Zamani dawa za kilimo zilipatikana chama cha ushirika tu, sasa kulikuwa na maduka matatu barabara moja. Niliomba mrututu, ule unga wa shaba wa bluu ambao wakulima huupigia kahawa na nyanya.

"Kilo ngapi?" muuzaji aliuliza.

"Kijiko kimoja."

"Una kahawa miche mingapi?"

"Sina kahawa. Nina samaki mmoja."

Alinitazama, akafunga kijiko kile kwenye karatasi ya gazeti, akaniambia nichukue tu. Nilipogeuka nilimsikia akimwambia mtu, "Ndiyo yule wa bahari."

Niliuyeyusha kwenye maji kama daftari lilivyoagiza, nikauingiza kwenye beseni la yule wa chungwa tone moja moja kwa bomba la sindano. Bunju tulimweka kwenye karai kubwa jikoni, karibu na jiko lakini siyo karibu mno. Kabla ya kumhamisha, daftari lilitaka aogeshwe kwa muda mfupi kwenye maji yasiyo na chumvi, yenye joto lile lile, wadudu walio nje ya ngozi wapasuke. Liliandika: *Akilala ubavu, usiogope. Hesabu.*

Mama mkwe alitoa tasbihi. "Nitahesabu mimi. Wewe mshike."

Nilimchota bunju kwa bakuli. Nilikuwa nimeapa sitamgusa kamwe samaki yule. Alijaa hewa mikononi mwangu, akawa mpira wa miiba midogo, kisha nilipomtumbukiza kwenye maji matamu akalegea, akalala ubavu, mdomo wazi, jicho moja limenielekea. Niliwakumbuka wale wa kwenye mkokoteni.

"Amekufa, Mama."

"Subhanallah, subhanallah..." Punje zilipita vidoleni mwake, moja, moja, bila haraka. "Hajafa. Shika."

Ilipofika punje ya mwisho ya mzunguko wa tatu alisema, "Toa," nikamwingiza kwenye karai la maji ya bahari. Alizama kama jiwe. Alikaa chini. Halafu pezi moja likatikisika, na lile jicho likageuka kunitafuta.

Dereva wa lori alituletea maji kila alipopanda. Kila siku ya tatu tulimhamisha bunju kutoka karai kwenda beseni, kutoka beseni kwenda karai, na chombo alichotoka tulikisugua na kukianika juani hadi kikauke kabisa, jua likikubali kutoka. Vidoa vilipungua. Safari ya tatu macho yake yalikuwa safi.

Huko chumba cha nyuma tangi lilibaki na mawe, maji na mapovu. Umeme ukiwepo taa yake iliwaka mchana kutwa, kwa sababu daftari lilisema mawe yanahitaji mwanga. Nilikuwa nikiingia kuongeza maji na kutazama joto, nikitoka upesi. Ni vigumu kueleza jinsi maji yale yalivyonitisha yalipokuwa hayana kitu. Yalikuwa maangavu kuliko wakati wowote. Na nilijua kwamba wamo, maelfu, wadogo kuliko jicho langu linavyoweza kuona, wanazunguka wakitafuta mwili. Nilianza kuvaa glovu za mpira. Hawamdhuru mtu, daftari lilisema hivyo waziwazi, lakini nilivaa.

Kugonga kulianza wiki ya pili.

Ilikuwa alasiri, ukungu umefunika uwanja hadi kizingitini. Mimi nilikuwa napepeta mchele, mama mkwe anakoka moto. Tukasikia: ko. Kimya. Ko, ko.

"Karibu," mama mkwe alisema kwa sauti, kama mtu yeyote anavyomwitikia mgeni.

Hakuna aliyeingia. Nilikwenda mlango wa mbele, nikafungua. Palikuwa na ukungu tu. Niliporudi jikoni niliisikia tena, ko, ko, nyuma yangu, ndani ya nyumba. Kwenye karai, bunju alikuwa ameacha kuogelea. Macho yake yote mawili, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yalikuwa yanatazama upande mmoja: upande wa ukumbi.

Tuliifuata sauti pamoja. Ilitoka tangini. Kitu kilikuwa kinagonga kioo, kutoka ndani, chini kule kwenye kona ya mawe. Tuliposimama mbele yake kilinyamaza. Niliangaza kwa tochi kwenye kila tundu. Maji, mawe, mapovu.

"Huenda ni jiwe limelegea, linagongana," nilisema.

Mama mkwe alisogea karibu na kioo. Alivuta kigoda akakaa. Kuanzia siku hiyo, kila alasiri baada ya swala alikuja na kigoda chake na tasbihi yake, akakaa mbele ya tangi lisilo na samaki, mle chumbani ambamo, hadi siku ile samaki walipokufa, hakuwa ameingia kwa miaka zaidi ya thelathini. Wakati mwingine nilimsikia akiongea Kishambaa kwa sauti ya chini. Maneno niliyoyashika yalikuwa ya kawaida: habari za mahindi, habari za mvua, nani ameoa. Akinyamaza, kilikuwa kinagonga. Akiongea, hakikugonga.

Nilimwandikia mume wangu. Jibu lililetwa na dereva baada ya wiki mbili. *Poleni sana*, aliandika. *Hiyo sauti ni kamba mdogo aliyejificha kwenye jiwe. Wapo wenye gando linalolia hivyo. Asikutishe.* Nilimsomea mama mkwe. Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari njema za mbali.

Wiki saba zilipotimia, yule wa chungwa alikuwa mzima na bunju amenenepa. Tuliwarudisha asubuhi, jua limetoka. Bunju alizunguka tangi lote mara moja, akapita kila jiwe, akaenda kwenye ile kona, akakaa hapo kutwa nzima. Siku ile kioo hakikugongwa. Wala kesho yake, wala tena.

Mume wangu alirudi mwishoni mwa wiki ile, amekonda, na mpango wa mboga haukuwa umefika popote. Alisimama mbele ya tangi akihesabu samaki wake wawili, kisha akanishika bega kwa muda mrefu. Kesho yake, kwa kuwa alitaka kunitoa hofu, alitoa mawe yote, moja moja, akayatikisa kwenye ndoo, akachokonoa kila tundu kwa waya. Alipata konokono wawili na mnyoo mmoja. Kamba hakuwepo.

"Atakuwa ameliwa na bunju," alisema.

"Inawezekana," nilisema.

Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini. "Rudisha mawe, mwanangu," alimwambia. "Yaweke kama yalivyokuwa."

Miezi mitatu baadaye dereva alileta samaki wengine wawili, wadogo, wa manjano. Mume wangu alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma na mfuko mkononi. Nilisimama mlangoni.

"Hawaingii humo," nilisema. "Beseni liko jikoni. Wiki sita kwanza."

Alicheka, akidhani natania, akamtazama mama yake amsaidie. Mama yake alinyoosha mkono akapokea ule mfuko.

Tuliwaweka kwenye beseni karibu na jiko. Walikula vizuri, walicheza, mume wangu alipita kila saa kuwatazama na kuniambia, unaona, wazima kabisa. Siku ya nane asubuhi nilikuwa nafagia uwanja mama mkwe aliponiita. Aliniita kwa sauti ya kila siku, kama anayeniambia maziwa yamechemka. Nilipoingia alikuwa ameinama juu ya beseni, tasbihi imeshaanza kupita vidoleni.

"Kwenye pezi," alisema. "Kimoja."

Niliinama nikakiona. Nikaenda kuchukua karai kavu.